Cheti Mfukoni, Nyama Kooni

Leo nimepatikana. Tena si mbele ya watu wa mbali. Ni mbele ya mzee ninayemwomba binti yake.

Naandika haya nimekaa juu ya jiwe kando ya ziwa, huku chini Cyangugu. Kanzu yangu ina doa la pilau kuanzia kiunoni hadi magotini (kwa nyuma, ndiyo maana nimekaa). Maji yametulia kama yamelala. Vilima vya ng'ambo, upande wa Bukavu, vinaelea kwenye ukungu mwembamba, na sauti za watu kule zinanifikia polepole, kama zinatoka usingizini. Siku nyingine ningewaambia ni uzuri. Leo naona kama ng'ambo nako wameshapata habari.

Mnanijua. Mimi ni Swedi, seremala wa Kamembe, na huwa naota nikiwa macho. Nikishika randa, mawazo yangu yanajikunja na kuondoka pamoja na maranda. Mariamu mwenyewe nilikutana naye hivyo. Nilikwenda kwao kupima mlango wa kabati, akasimama mbele yangu na kikombe cha chai, nikampita. Akaninywea chai yangu, akasema, "Huyu naye amekwenda wapi?" Tangu siku hiyo tunapendana.

Sasa, miezi miwili iliyopita kituo cha afya kilituita sisi mafundi kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Siku moja tu, asubuhi mpaka jioni. Mwalimu alikuwa muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, laini, sauti ya kumbembeleza mtoto. Asubuhi nilikuwa naye kabisa. Alitulazia mwanasesere mkubwa wa plastiki juu ya mkeka, akasema, "Kwanza unaangalia usalama wa mahali. Halafu unaangalia kama anaitika na kama anapumua." Tukamkandamiza yule mwanasesere kifuani, kwa nguvu, kwa haraka, hadi thelathini. Nilitoka jasho. Alinisifu.

Kisha tukala wali na maharage.

Mchana upepo wa ziwa uliingia dirishani, pazia likawa linapumua taratibu, na sauti ya mwalimu ikawa inakwenda na kurudi. Nikajiona niko ufukweni. Mtu ametolewa majini. Watu wanalia. Mimi napita katikati yao, napiga magoti, naweka viganja kifuani pake, naye anafumbua macho na kuniuliza jina langu. Mariamu yuko pale amevaa kijani. Hata ndege wamenyamaza.

Nilipozinduka watu walikuwa wanapiga makofi. Nikapiga na mimi. Wakatugawia vyeti.

(Nawaomba msimwambie yule muuguzi. Anastahili heshima, na mimi nastahili yaliyonipata.)

Mariamu alifurahi kwa cheti kile kuliko nilivyofurahi mimi. Akamweleza baba yake. Na baba yake, Mzee Haruna, fundi viatu, ni mtu wa maneno machache anayeamini kila mtu apimwe kwa kazi ya mikono yake. Ndipo leo nikaitwa kwao, chakula cha mchana, anitazame vizuri kabla ya kutoa jibu la posa. Nikavaa kanzu nyeupe. Cheti nikakikunja mfukoni, asije akataka kukiona.

Nyumba yao iko mtelemkoni, na kutoka sebuleni unaliona ziwa lote. Tulikaa mkekani: Mzee Haruna, mimi, na Mariamu akiingia na kutoka na vyombo. Jikoni alikuwepo shangazi yake, Maman Zena, aliyepanda jana kutoka Bugarama wanakolima mpunga. Alinisalimia kwa mkono wa unga, akarudi kwenye sufuria zake.

"Minasikia uko na sertifika ya kuokoa batu," Mzee akaniambia.

"Ndiyo, Papa."

"Wangapi umeshaokoa?"

"Bado, Papa. Sijapata nafasi."

Akacheka kidogo. Nikaona mambo yanakwenda. Akajiwekea finyango kubwa la nyama ya mbuzi, akaanza kunieleza, huku akitafuna, jinsi wavulana wa siku hizi wanavyooa kabla hawajajua kushona hata kifungo. Na mimi, badala ya kumsikiliza, nikatazama ziwa. Mashua moja ilikuwa inakatiza jua. Nikaanza kujiona na Mariamu, tuna nyumba, nimetengeneza milango yote mwenyewe, hakuna hata mmoja unaolia.

Kimya ndicho kilichonirudisha. Mzee aliacha kusema katikati ya neno.

Nilipogeuka alikuwa amesimama. Mikono yote miwili iko shingoni. Mdomo wazi, na hakuna sauti, hata ya kukohoa. Macho yake yalinitazama mimi, moja kwa moja, kama mtu anayemtazama mwenye ufunguo.

Mariamu akaangusha birika. "Swedi, Papa amesakamwa. Fanya kitu."

Wenzangu, niliingia ndani ya kichwa changu kutafuta. Nilikuta pazia linapumua. Nilikuta maharage. Kuhusu mtu aliyesakamwa na chakula, mahali palikuwa peupe, kama ukurasa uliopauka kwa jua. Kisha, mbali sana, nikasikia ile sauti laini: kwanza unaangalia usalama wa mahali.

Basi nikaangalia usalama wa mahali. Nilisogeza birika. Nilisogeza chupa ya chai. Nilikunja ncha ya mkeka mtu asije akajikwaa. (Mzee wakati huo midomo ilikuwa inageuka rangi.)

"Swedi!"

"Naangalia usalama," nikasema.

Halafu nikamshika mabega, nikamwambia kwa adabu zote, "Papa, tafazali, lala chini."

Akakataa kwa kichwa. Nikadhani ni woga wa mgonjwa. Nikamvuta. Mzee wa watu, mtu mzima, anahangaika kutafuta pumzi, na mimi nahangaika kumlaza kama mwanasesere. Nilifanikiwa kumfikisha magotini. Kofia yake ikaanguka. Nikaunganisha viganja vyangu, tayari kuhesabu mpaka thelathini, juu ya kifua cha mtu aliye macho na anayenisukuma kwa kiwiko.

Wakati huo ndipo niliposhikwa ukosi. Sikumwona anakuja. Nilichojua ni kwamba niliinuliwa, nikarudi nyuma, nikakaa katikati ya sinia la pilau. Lilikuwa bado la moto.

"Toka pale," alisema Maman Zena. "Muntu iko macho, unamulalisha ya nini?"

Hakupiga kelele. Alimsimamisha kaka yake, akasimama ubavuni pake, akamkinga kifua kwa mkono mmoja na kumwinamisha mbele. Kwa kitako cha kiganja cha mkono wa pili akampiga katikati ya mabega. Mara tano, mapigo mazito, kila moja akiangalia kama kitu kimetoka. Hakikutoka. Akahamia nyuma yake, akamkumbatia, akaweka ngumi juu kidogo ya kitovu, akaishika kwa mkono wa pili, akavuta ndani na juu. Mara moja. Mara mbili.

Mnajua kimya cha ziwa kabla ya mvua? Nyumba ilikuwa hivyo. Mariamu ameshika mdomo. Mimi ndani ya pilau. Nikafikiri, ataondoka hivi hivi, mchana wa leo, na mimi nina karatasi mfukoni inayosema najua.

Mara ya tatu nyama ikatoka. Ilipita juu ya mkeka polepole (naapa ilipita polepole) ikatua kwenye mguu wangu.

Mzee Haruna akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu yenye mkwaruzo, sauti nzuri kuliko zote nilizosikia mwaka huu. Mariamu akalia na kumkumbatia baba yake. Mimi nilitaka kulia pia, lakini mtu aliyekaa kwenye chakula cha wenyewe hana haki hiyo.

Alipoweza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani alisema nilale?"

Wote walinitazama.

"Ni mimi, Papa."

Maman Zena akafuta mikono kwenye kitenge. "Siye banamuke ba mpunga walitufundisha kule koperative ya balimaji. Nilirudia masomo ile nyumbani kila jioni na batoto bangu mpaka wakakimbia. Na weye, mutoto yangu, walikufundisha wapi?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema walimu wetu hawakufika sehemu hiyo. Lakini yule muuguzi alifika, mimi ndiye sikuwepo. Nikatoa cheti mfukoni, kimelowa mafuta, nikakiweka mkekani.

"Asubuhi nilijifunza, Maman. Mchana nililala. Hii ni ya asubuhi tu."

Mzee akakiinua kwa vidole viwili, akakisoma. Kisha akamtazama Mariamu. Nikamwona Mariamu anauma mdomo, mabega yanatikisika, nikadhani bado analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

Maman Zena akaamuru Mzee apelekwe kituo cha afya aangaliwe, maana tumbo likiminywa vile haifai kuacha tu. Nikajitolea kumsindikiza. Mzee akasema hapana, anataka kufika salama. Wakaondoka bila mimi, na mimi nikashuka huku chini nikitembea kinyumenyume kila nilipokutana na watu.

Nimekaa hapa saa nzima. Nilikuwa nawaza yule mtu wa ndotoni aliyefumbua macho na kuniuliza jina langu. Mzee Haruna ana macho ya kahawia, yanatetemeka mtu akikosa hewa, na mikono yake inanuka gundi ya viatu. Hayo ndotoni hayakuwemo.

Sasa hivi Mariamu amenitumia ujumbe. Muganga wa kituo cha afya amemwangalia Mzee, yuko sawa, koo tu linauma. Kuhusu posa, Mzee hajasema ndiyo wala hapana. Ameuliza tu kozi nyingine inaanza lini, kwa sababu anataka twende wote wawili, yeye na mimi, akae kiti cha karibu na changu, na nikisinzia anipige kiwiko.

Nimejibu kwamba nitamwandikisha kesho asubuhi.

Basi na ninyi nendeni mkajifunze, kisha mcheke mnavyotaka. Ila mezeni kwanza, ndipo mcheke.