Kuuziwa Hewa Baridi Nikiwa Mkazi wa Njombe

Njombe,
9 Julai 1996

Kwa Mzee Fahadi, mwenye gereji, Makambako.

Shikamoo Mzee wangu.

YAH: KUUZIWA HEWA BARIDI NIKIWA MKAZI WA NJOMBE

Kichwa cha barua kinajieleza, ila nakisaidia kidogo. Alhamisi iliyopita nilileta kwako gari langu dogo la turbo, lile lililonitoa kwenye kuuza mbao kwa baiskeli. Fundi wako, mwanao Mansoor, akanishawishi ang'oe boksi la chujio la hewa lililokuja nalo kutoka Japani, afunge bomba la kung'aa na chujio jekundu la wazi kutoka Dubai. Alisema turbo inataka hewa baridi, tena nyingi. Nikakubali, kwa kuwa soko huria limetuletea kila kitu na mimi sikutaka kubaki nyuma. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mzee, mimi nakaa Njombe. Leo asubuhi ndoo ya maji nje ilikuwa na ganda la barafu, nimelivunja kwa mwiko. Mtu wa hapa kufungiwa kifaa cha kumtafutia baridi! Mansoor angeniuzia na ukungu kabisa.

2. Boksi la zamani lilikuwa na adabu. Hili jipya linavuta hewa kama mtu anayekunywa chai ya moto mbele ya wakwe, na nikiachia mafuta linapiga chafya. Kutoka kwako hadi nyumbani nilihesabu chafya mia moja na kumi na nne. Nilimpigia Mansoor simu kutoka posta, akacheka, ati huo ndio uzima wake. Mimi nimelea watoto sita. Chafya naijua.

3. Siku ya kufunga nilifika Njombe kwa dakika arobaini na mbili badala ya hamsini na tano. Hiyo siihesabu, upepo ulikuwa unatusukuma. Hesabu ya kweli ni ya jana, nilipopanda kwenda Uwemba kujaribu njia. Moshi mweusi, gia ya kwanza, nikapitwa na malori manne ya viazi, trekta lenye tela la mbao, na baiskeli ya katekista Benno. Benno alinipa pole akipita. Akanisubiri juu mlimani, akanipa ya pili.

4. Jumamosi hii gari hilo hilo ndilo linampeleka binti yangu Scolastika kufunga ndoa Uwemba. Wakwe wanatoka Ludewa na lori. Lori la wakwe likimpita bibi harusi mlimani, Mzee, tutachekwa mpaka siku makaa ya mawe ya Mchuchuma, tunayoahidiwa kila mwaka, yatakapochimbwa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: Mansoor alete boksi langu la zamani kabla ya Ijumaa saa nane mchana. Akishindwa, Jumamosi asukume mwenyewe, amevaa suti, kutoka mjini hadi mlango wa kanisa. Na kama hewa baridi sasa ni bidhaa, gereji yako inunue kwetu. Tunayo ya kuitosha Makambako nzima, na Dubai wakitaka tutawafungia kwenye magunia.

Nisalimie Mama Salha, mafundi wote, na yule paka wa stoo. Mansoor msalimie mwisho.

Mteja wako aliyepitwa na baiskeli,
Damiano Mwalongo

Nyongeza: Barua ilishaingia kwenye bahasha, mke wangu Conjesta akaja kuuliza nani kachukua sweta lake la sufu. Nikaenda kufungua boneti. Lilikuwa pale pale nilipolivalisha chujio Ijumaa jioni kwa ajili ya zile chafya, mikono nimeifunga fundo, vifungo vyote vitano nimefunga mwenyewe, mafua yasije yakazidi. Nimelivua. Nimepanda Uwemba kwa gia ya tatu, Benno nimempita, na pole zake mbili nimemrudishia. Basi namba moja hadi nne zisomeke kuwa nimeandikiwa mimi. Boksi la zamani Mansoor abaki nalo. Jumamosi aje kama mgeni wangu, akae kiti cha mbele, ila aje na sweta lake. La hapa linanuka moshi, na Conjesta ameshaamua kwamba kanisani nitalivaa mimi.