Vita vya Plagi Kamembe

Sogeeni, wana wa Rusizi, nanyi mliorudi kutoka ng'ambo na magodoro vichwani, mtege masikio. Maana nawasimulia siku ambayo Elimu na Biashara, majabari wawili wa zama zetu, waliazimia kukutana mjini Kamembe, wakazuiwa njiani na tundu la ukuta.

Ilikuwa miaka ile ambapo vita vya Kongo vilikuwa bado vikiunguruma nyuma ya vilima vya Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi unaotutenga na Kongo. Chuo kikuu kimoja na kampuni moja ya simu vilitia sahihi mkataba wa utafiti: wapime nguvu ya mawimbi kutoka Kamembe hadi tambarare ya Bugarama, ijulikane mnara mpya usimamishwe wapi. Watu wa Nyakabuye, kijiji cha njiani, waliolazimika kupanda mlima ili wapige simu moja, waliungoja mnara huo kwa hamu.

Upande wa Chuo alitoka Dokta Ladislas, simba wa hesabu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyelelewa Bukavu. Upande wa Kampuni alitoka Injinia Ntabaza, mbeba mitambo, mwenye viatu visivyojua matope. Kampuni iliahidi mashine, Chuo kikaahidi chumba na umeme, na kila mmoja alitimiza ahadi yake kwa uaminifu wa kutisha. Asubuhi ya jaribio, wageni wa heshima waliokuja kulishuhudia wakiwa njiani kutoka Kigali, Ntabaza aliufungua waya wa mashine, akauelekeza ukutani kama mkuki, na plagi ikagoma. Ilikuwa na meno matatu mapana. Tundu la ukuta lilikuwa na vitobo viwili vya duara.

"Dokta," alisema Ntabaza, mkono kifuani, "Kampuni imeleta mashine kamili. Ukuta ni wa Chuo. Chuo kiurekebishe ukuta wake."

"Injinia," akajibu Ladislas, akisimama wima, "ukuta huu umepokea wageni wa heshima tangu ujengwe. Aliyekuja na meno haya ndiye ayanoe."

Wakahutubiana hivyo mpaka jua likapanda. Ntabaza akapendekeza iundwe kamati ya pamoja. Ladislas akakubali, mradi mwenyekiti atoke Chuo, na hapo wakakwama upya. Wote wawili walijua kwamba wageni wasipoona mashine ikiwaka, utafiti utahamishiwa mji mwingine. Ladislas alimfikiria mama yake, aliyeishi Nyakabuye na magoti mabovu, aibu ikamshika. Akatoka bila kuaga.

Alishuka mpaka salon ya Maman Mukabalisa, malkia wa vichwa vya Kamembe. Pale ukutani, kwenye waya wa kikaushio cha nywele, aliiona: adapta nyeupe, imeungua pembeni, inayoyapokea meno matatu na kuingia kwenye vitobo viwili.

"Maman," alisema, akiinamisha kichwa, "nimekuja bila silaha. Mashine yetu ya simu haiwaki, na Chuo na Kampuni vinaangamia kwa kukosa kidude hiki. Uniazime mpaka mchana."

Mukabalisa hakuacha kuchana. "Papa Dokta, hiyo mashine yenu inapiga simu?"

"Inapiga, na inapima."

"Basi sikia. Niko na dada yangu Bukavu, Marguerite. Jirani yake iko na simu, mimi sina. Tangu bafunge daraja la Rusizi ya Pili, sijasikia sauti yake. Simu ya kwanza itakuwa yangu. Kama hapana, adapta inabakia hapa."

Simu ya kwanza ilikuwa imeahidiwa kiongozi wa wageni, na hotuba yake ilikwisha kuandikwa. Ladislas akaapa hata hivyo, wakaondoka pamoja na adapta.

Adapta ikaingia, plagi ikaingia, taa ya kijani ikawaka. Wageni walipofika, Ladislas alisimama mbele yao, akatangaza kwamba Maman atatangulia. Kiongozi akakunja uso. Ndipo Ntabaza, adui wa asubuhi, akasogea akasimama ubavuni mwa Ladislas.

"Mheshimiwa," alisema, "mashine inahitaji mazungumzo marefu. Hotuba yako tutaipima baadaye."

Mukabalisa akaishika simu ya mashine kwa mikono miwili. Jirani wa Bukavu akapokea, akaenda kumwita Marguerite. Kisha chumba kizima kikasikia sauti ya mwanamke.

"Mukabalisa? Nilizani mulikufa bote kule."

"Sisi? Ni nyinyi muko mu vita. Batoto beko?"

"Bote beko. Tulikimbia, tumerudi."

Wakacheka, wakalia, halafu wakagombana kwa muda mrefu juu ya sufuria ambayo Marguerite hakuirudisha. Mashine ikachora mistari ya vipimo bila kukoma.

Zamu ya kiongozi ikafika. Akampigia mkuu wake Kigali.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

Kiongozi akaikunja karatasi ya hotuba, akaitia mfukoni.

"Vizuri," akasema, akakata. Wote wakapiga makofi.

Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba siku hiyo Dokta Ladislas aliushinda ukuta, Elimu na Biashara wakapeana mikono, na mnara ukasimama juu ya Nyakabuye. Vipimo vyote vilivyousimamisha vilitoka katika ugomvi wa sufuria; hotuba ilikuwa fupi mno kupimika.