Wimbo wa Roscoe na Faili Kubwa

Jumanne, 4 Machi

...ndipo simu ikalia, jana sikumaliza. Nilifika wapi? Delmar. Ehee. Delmar Gaines, mpiga muziki mwenzangu, na mdomo wake.

Ni hivi. Klabu ya wastaafu wa kiwanda cha ekseli za magari ina sherehe Jumamosi ya tarehe 15, saa tisa mchana, ukumbi wa barabara ya Gratiot. Ya kumkumbuka kaka yangu Roscoe, aliyetutoka Novemba. Miaka ishirini na mbili tumepiga muziki pale, mimi kwenye mashine, yeye kwenye maiki. Sasa nimebaki na mashine tu. Mama Broadnax, mwenyekiti, kasema nipige mimi. Halafu akasema na Delmar awepo "anisaidie". Anisaidie nini? Mikono ninayo miwili.

Wifi yangu Lavonia, mjane wa Roscoe, kaomba kitu kimoja. Upigwe wimbo wa Roscoe. Ule wa zamani wa kuchezea hustle, dansi ya kupanga mistari, ambao mwaka 2009 marehemu alirekodi sauti yake juu yake, huku chini basement kwangu, ana mafua, anawaita watu hatua: kulia mara nne, kushoto mara nne, rudi nyuma, na usimkanyage mama mkwe wangu! Ukumbi mzima unajibu: Mkanyage! Kila sherehe. Miaka yote hiyo. Mama mkwe mwenyewe alikuwa anajibu.

Sauti nyingine ya Roscoe hakuna. Alichukia simu, hakumwachia mtu hata ujumbe. Lavonia hajamsikia tangu hospitali. Nikamwambia, wifi, tulia, nipo.

Mimi mwenyewe sijaufungua huo wimbo tangu msiba. Nikiliona jina kwenye kompyuta naruka.

Leo ni siku ya paczki, yale maandazi ya Kipolandi ya kujaza kabla ya Kwaresima. Nimepanga foleni Hamtramck saa nzima, baridi inauma masikio. Nimekula manne. Ya jemu. Mambo ni mazito.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya! Theluji yote imekuwa tope na mimi nimekuwa kichekesho.

Nilikwenda ukumbini kujaribu spika. Delmar kashafika, na kofia yake ya manyoya, miwani ina mnyororo kama mkuu wa posta. Akaniuliza mbele ya Mama Broadnax, dada Nestine, bado unapiga zile MP3 zako? Nikasema napiga, kwani zina nini, zinacheza. Akacheka. Akasema zile zimebanwa. Wamechukua wimbo, wakatupa vipande vya sauti ili faili iwe ndogo, wakidhani hakuna atakayejua. Eti ni sawasawa na kuchemsha sukumawiki na kongoro la nguruwe halafu supu ukamwaga kwenye sinki.

Hapo alinimaliza. Kwa supu ya majani Mama Broadnax hana mchezo. Aliniangalia kama nilimwaga yake.

Delmar yeye anapiga nyimbo nzima tu. Faili kubwa, haijatupwa hata chembe. Kwenye mashine yake MP3 hairuhusiwi kukanyaga. Nikasema hata mimi tofauti naisikia. Sijui kwa nini nilisema. Mdomo ulitangulia.

Akasema sawa. Akapiga kipande. Akakipiga tena. Haya, dada, ipi iliyobanwa? Nikafumba macho. Nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Nikasema ya kwanza, imesinyaa, besi ina njaa.

Ilikuwa faili ileile. Kaipiga mara mbili.

Mama Broadnax alicheka mpaka akashika meno yasitoke.

Nimerudi nyumbani sikula kitu. Yaani, nimekula kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Akili imerudi! Nimekwenda kanisani kwenye samaki wa kukaanga wa Ijumaa. Nimekaa na Bi Odessa, na kukaa na Odessa ni kama kubandika tangazo. Nikamnong'oneza, tafadhali usiseme popote, mashine ya Delmar inaganda katikati ya wimbo. Kwa sababu ya zile faili zake kubwa. Inashiba, inalala. Odessa akaapa kufa nalo.

Saa nane lilikuwa limezunguka. Saa kumi likanirudia. Lavonia kanipigia simu, kasikia kwa mwenye duka la wigi kwamba mashine ya dada yake Roscoe inaganda. Masikini Nestine, watu wanasema, tangu kaka yake afe mambo yamemshinda.

Nikamuuliza Odessa alisemaje. Akasema alisema kama nilivyosema, ila jina la Delmar lilimtoka kichwani.

Jumapili, 9 Machi

Serikali imesogeza saa mbele kwa saa moja, kama kila Machi, bila kuniuliza. Nimefika kanisani baraka za mwisho zinatolewa. Mchungaji kanipa mkono kama mgeni.

Lakini kwenye gari nimekata shauri. Delmar anataka nyimbo nzima? Atazipata. Nimechukua orodha yangu ya sherehe, nyimbo mia tatu na kumi, nimeingia kwenye duka la mtandaoni, nimenunua zote upya. Nzima! Zisizobanwa! Pesa ya matairi ya theluji imekwisha, lakini baridi nayo si inakwisha.

Na wimbo wa Roscoe umo. Namba kumi na nane. Nimeununua wa kwanza kabisa. Kwenye picha mwimbaji anatabasamu na nywele zake za mwaka 1978. Nikasema, kaka, nawe utasikika mzima, hadi kamasi zako.

Sasa zinashuka. Kompyuta inasema bado siku mbili. Nimeifunika kofia ya sufu ya Roscoe isipate baridi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua juu ya barafu. Kila mtu anatembea kama bata.

Nyimbo zimeshuka mia mbili na tisini, kompyuta ikagoma. Imejaa. Hakuna nafasi hata ya sindano. Faili moja kubwa inakula nafasi ya ndogo tano! Hilo Delmar hakulisema. Nimefuta picha za likizo. Nimefuta ile programu ya kodi. Bado.

Basi nikafikiria. Zile MP3 za kazi gani tena? Zimo nzima, hizi mbovu nimewekea nani? Nikazikusanya zote. Elfu mbili na kitu. Mashine ikauliza, una uhakika? Mimi! Inaniuliza mimi! Nikabonyeza. Ikauliza tena kwa kile kipipa cha taka. Nikabonyeza kwa nguvu. Na kwenye flashi yangu ya akiba pia, nikafagia. Nafasi ikafunguka kama uwanja wa mpira.

Nimekaa nikaimba kidogo.

Lavonia kapita na sufuria ya mipira ya nyama nionje chumvi, ndiyo atakayoweka mezani kwake Jumamosi. Kakonda. Koti la Roscoe linamzidi, lakini halivui. Kaniuliza, wifi, ule wimbo upo? Nikamwambia upo kuliko ulivyowahi kuwepo. Nimeuweka mzima. Utamsikia hadi pumzi.

Akashika meza. Akasema amenunua viatu vipya vya kuchezea. Halafu akauliza tena, una uhakika, Nestine? Nikacheka, nikamwambia wewe na kompyuta mmekuwa ndugu.

Chumvi haikutosha. Sikumwambia.

Jumapili, 16 Machi

Sikutaka kuandika. Lakini hakuna mwingine wa kumwambia, Odessa hapokei simu yangu.

Jana ukumbi ulijaa. Watu sabini na zaidi. Kila meza na vyakula vyake na chupa zake, mabawa ya kuku, mayai ya kujaza, picha ya Roscoe katikati na kofia yake ya kiwandani. Nilianza vizuri. Nikawa namwangalia Delmar kwenye kona nione kama anasikia ukubwa. Alikuwa anakula keki.

Saa kumi na moja Mama Broadnax akashika maiki, akasema sasa tumsikie ndugu yetu. Watu wakainuka wote. Wakapanga mistari. Lavonia mstari wa mbele, viatu vipya, koti hatimaye kalivua.

Nikabonyeza namba kumi na nane.

Ngoma ikaingia. Safi! Nzito! Watu wakaanza kuyumba. Pakafika pale. Pale anaposema kulia mara nne.

Hakusema.

Mwimbaji wa 1978 akaendelea na mapenzi yake. Watu sabini mguu hewani. Nikadhani amechelewa. Kweli, nilidhani Roscoe amechelewa. Nikapandisha sauti. Ikapita kushoto, ikapita rudi nyuma, ikapita mama mkwe. Mzee mmoja nyuma kule, peke yake, polepole, akasema, Mkanyage.

Ndipo nikajua. Wimbo wa dukani ni wa dukani. Roscoe alikuwa kwenye ile ndogo. Na ile ndogo nimeifuta mara mbili, kwa nguvu.

Nikawaambia watu kuna hitilafu ya waya. Nikapekua flashi. Nikapekua kipipa. Nikachomoa waya mmoja nikaurudisha, ili nionekane. Lavonia amesimama palepale, hajageuka, mikono imening'inia.

Delmar akaja. Nikajiandaa kuchekwa. Hakunicheka. Heri angenicheka. Akatoa funguo zake za gari, kwenye funguo kuna kiflashi kimekwaruzika, kidogo kama jino. Akasema Roscoe alinipa hiki mwaka 2011 nje pale kwenye maegesho, akaniambia shika, siku nikichelewa upige. Nikamwuliza, si imebanwa? Akasema imebanwa, dada, ndivyo ilivyozaliwa. Hakuna nyingine. Akakichomeka.

Sauti ikatoka na mafua yake. Kulia mara nne!

Sitaeleza ule ukumbi. Watu walijibu hadi madirisha yakatetemeka. Lavonia alicheza wote, uso juu, machozi yanaingia masikioni. Wakaurudia mara tatu. Mimi nilikuwa nyuma ya meza ya mayai.

Mwisho Lavonia akaja kwangu. Nikasema wifi, nisikilize. Akauliza niliufuta lini. Nikasema Jumatano. Akasema, Jumatano nilikuuliza. Basi. Akaenda kutafuta koti.

Mama Broadnax kaniambia sherehe ya Juni atapiga Delmar. Nestine mwanangu, akasema, wewe utakaa meza yetu, utakula tu. Akanipa kipande cha keki nije nacho. Nimekila. Hakikuwa na ladha, lakini nimekila.

Alhamisi, 20 Machi

Theluji tena! Lakini moyo mwepesi. Njia ipo.

Lavonia anataka wimbo wake mwenyewe, wa kusikiliza nyumbani. Delmar kaniletea kile kiflashi hadi mlangoni. Kasema ni hicho tu duniani, mashine yake haina nakala, MP3 haiingii mle hata kama ni ya Roscoe, kanuni ni kanuni. Kasema nitoe nakala, nimpe wifi, nimrudishie. Akanishika bega. Dada Nestine, usibadilishe kitu. Nakala tu. Nikasema Delmar, mimi si mtoto.

Ni mkarimu, namsema bure. Lakini kutoka nje akateleza kwenye ngazi zangu, nikafurahi kidogo.

Sasa nimekaa nacho. Nimefikiria sana. Nimpe wifi nakala iliyobanwa? Supu imemwagwa? Baada ya nilichomfanyia? Hapana. Lazima nimpe Roscoe mzima. Na Juni, Mama Broadnax akisikia Roscoe wangu ni mkubwa kuliko wa Delmar, hiyo sherehe inarudi kwangu, nakwambia.

Nimepata programu ya bure ya kugeuza ndogo kuwa kubwa. Nimeiingiza faili, nimebonyeza, sekunde mbili, tayari! Imetoka kubwa mara tano! Yaani vile vipande walivyotupa vyote vimerudi. Chini pale kulikuwa na maandishi mekundu, eti kosa, sijui sauti haikusomeka, nikayafunga, hizi programu zinapenda kulalamika.

Sijausikiliza. Leo siwezi. Lavonia atausikiliza.

Tatizo dogo tu. Kiflashi ni cha zamani, kina picha za harusi ya binti wa Delmar, hizo siwezi kugusa. Kubwa na ndogo haziingii pamoja. Na kompyuta yangu imejaa tena, nyimbo nzima nyingine nilizonunua kwa ajili ya Juni zimeijaza jana. Basi ile ndogo itoke, hii kubwa ikae mahali pake. Nimeshaishika. Inauliza, una uhakika?

Lavonia huyo nje anapiga honi, dirisha kashusha, anaita, Nestine! Toka basi, gari linaganda! Umeshanakili? Nimemwitikia nakuja, wifi, nakuja, nabonyeza hii moja tu halafu