Mwalimu wa Visahani

Jumatatu, 3 Juni

Nimetukanwa leo. Tena nyumbani kwangu, na chai yangu wameinywa!

Jumamosi tunakutana na wakwe. Kijana anayemchumbia mjukuu wangu analeta ukoo wake, nasi tunapeleka wetu, tule cha mchana kwenye ule mkahawa mpya wa Kihispania, wenye vioo virefu na taa zinazoning'inia kama maboga. Binti yangu, mama wa bibi harusi, kaniambia kwa sauti ya kubembelezea wagonjwa kwamba, Baba, kile kiti cha mkubwa wa familia, kinachotazamana na babu wa kijana, tumempa mjomba. Wewe utakaa meza ya pembeni na mpiga picha. Upumzike.

Nipumzike! Mimi, dalali wa mnada! Sauti hii iliuza makabati yasiyo na milango na wanunuzi wakashukuru.

Huyo mjomba ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Namwita Bwana Ughaibuni. Aliishi nje miaka miwili, akarudi na skafu. Eti pale chakula huja kwa visahani vidogo vidogo, vina adabu zake, yeye anazijua, mimi nitaaibisha watu. Alikuwa amekaa hapo hapo, katulia kama paka aliyefungiwa buchani.

Nimeapa. Kiti kile changu. Nitakwenda pale peke yangu, kimya kimya, nizijue adabu zote kabla ya Jumamosi. Akili ni mali, na mimi ni tajiri.

Mwalimu wa ngumbaru alisema niandike kila siku, mkono usisahau herufi. Mkono wangu hausahau kitu. Herufi ndizo zinazokimbia.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda! Suti ya kahawia, ile ya mazishi ya wakubwa. Msichana wa mlangoni kauliza tuko wangapi. Nikamwambia niko mmoja lakini nahesabika.

Kaniweka kaunta, juu ya stuli ndefu. Stuli gani ile! Nimeipanda kama ngazi ya fundi umeme. Miguu ikaning'inia. Sikuogopa. Niliishika kaunta kwa mikono miwili kwa kuwa ni kaunta nzuri.

Orodha ya vyakula ina herufi kama sisimizi. Nikaweka kidole popote, nikafumba macho kama mjuzi. Zikaja zeituni. Kikaja kisahani cha pweza, kisahani cha kuwekea kikombe hasa! Nikakifuta. Nikamwambia mhudumu nimeonja, nimeridhika, sasa kipakueni. Kasema ndicho hicho, mzee wangu, nikuongezee? Nikasema ongeza. Kisha akatoa neno zito: visahani hivi si vya mtu mmoja, vinawekwa katikati, watu wanashirikiana.

Sasa mimi niko peke yangu. Nishirikiane na nani? Nikawaza. Huwa nawaza haraka, mnada haungoji mtu. Kumbe! Kila aliyekaa kaunta ni mshirika! Adabu ya kwanza hiyo, nimeigundua bila kufundishwa.

Kushoto kwangu alikuwa mzee wa rika langu, naye peke yake, kofia ya kijivu kichwani. Mbele yake kamba wanachemka kwenye mafuta na vitunguu saumu. Nikanyoosha uma. Nikachukua mmoja. Mtamu, unaweza kumsamehe adui!

Mzee Kofia kanitazama. Akautazama uma wangu. Akamtazama pweza wangu, yule wa pili. Halafu akachukua kipande.

Tukala hivyo. Mimi kwake, yeye kwangu, hakuna anayemwangalia mwenzake usoni. Akabaki kamba mmoja. Uma mbili juu yake kama panga, wangu na wake. Damu ya udalali ikanipanda. Nikanguruma: Kamba wa mwisho, mabibi na mabwana! Mnene, wa ukoo bora, nani ananipa nini? Dada wa mwisho kule akatoa zeituni. Mwenzake akapandisha kwa jibini. Mpishi katoka jikoni na mwiko mkononi, nikajua nimekwisha. Kumbe naye anapanda bei, kwa mkate wa nyanya! Nikagonga kaunta kwa kijiko. Kauzwa! Mhudumu anajifuta machozi kwa aproni.

Sijaona raha kama hii tangu nistaafu.

Jumatano, 5 Juni

Bwana Ughaibuni kaja kufanyia mazoezi hotuba yake mbele ya kioo. Kioo changu! Kila akisema ndugu wakwe zetu wapendwa anarusha skafu begani.

Akaninusa. Kauliza mbona shemeji unanuka vitunguu saumu hivyo. Nikamwambia daktari kaniandikia. Kauliza na hilo gamba la kamba kwenye tai, nalo ni la daktari? Nikamwambia hiyo ni pini. Ya fasheni. Karudi kwenye kioo, ameionea wivu pini.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi mkahawani. Naye Mzee Kofia amerudi! Safari hii tumeketi jirani kwa hiari. Tukafungua mdomo.

Kanieleza siri yake. Naye anajifunza kwa kujificha! Jumamosi ukoo wake unakutana na wakwe hapa hapa, na yeye ndiye mkubwa wa upande wa kijana. Upande wa binti, kasikia, kuna mzee hatari, ameishi ng'ambo, bingwa wa visahani. Kasema, ndugu yangu, silali. Naogopa nitamwaibisha mjukuu.

Pweza kanikwama kooni. Huyu ndiye babu wa kijana! Nimekwisha kula kamba wa mkwe!

Mtu mwenye busara angesema ukweli. Mimi nina zaidi ya busara. Nikajinyoosha kwenye stuli, nikamwambia, mzee mwenzangu, usitetemeke. Yule bingwa uliyesikia ni mimi.

Akavua kofia! Akanishika mkono, kasema basi nifundishe.

Sasa unamfundisha mtu nini wakati hujui kitu? Nikamfundisha kwa kujiamini. Adabu ya kwanza: usile kisahani chako kabla hujala cha jirani. Ya pili: chakula kikiwa kitamu, simama. Ya tatu: vile vijiti vinavyochomekwa kwenye vipande havitupwi, vinapangwa mfuko wa koti, na mwenye vijiti vingi ndiye mkubwa. Ya nne: kipande cha mwisho kinanadiwa. Kasema ya nne ameshaiona. Akasimama kwa ajili ya zeituni. Akakaa. Akasimama tena. Mwanafunzi mwepesi sana.

Kaondoka anapiga mluzi. Atawafundisha wote nyumbani. Kasema wote!

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa furaha na kwa kushiba.

Tulifika. Bwana Ughaibuni akakalia kiti changu, skafu imepigwa pasi. Mimi pembeni na mpiga picha, ambaye haongei, anatafuna tu. Wakwe wakaingia, ukoo mzima. Mzee Kofia akatazama kiti, akaniona nilipo, akakonyeza. Nadhani alidhani yule ananipashia kiti moto.

Visahani vikaja. Bwana Ughaibuni akakohoa aanze hotuba. Kabla hajarusha skafu, Mzee Kofia kanyoosha uma na kubeba pweza wa Bwana Ughaibuni. Shangazi wa kijana akabeba viazi vya binti yangu. Baba wa kijana akabeba mayai ya mtu nisiyemjua. Kisha upande wote wa wakwe ukasimama! Heshima gani ile! Wakakaa. Akaja samaki, wakasimama tena. Vijiti mifukoni kama kalamu za makarani. Kina mama wamevichomeka kwenye vilemba.

Watu wetu midomo wazi. Ni Bwana Ughaibuni peke yake aliyekuwa anakula kwa ustaarabu, na akaonekana mshamba!

Akashindwa kuvumilia. Kasema kwa ukali kwamba hizi si adabu za Kihispania wala za popote, na nani kawafundisha upuuzi huu? Mzee Kofia akaweka uma chini. Kasema polepole, bingwa wenu. Akaninyooshea kidole.

Vichwa vyote vikanigeukia. Mjukuu wangu ameinamisha kichwa. Hapo ndipo moyo uliponishuka hadi kwenye soksi. Kiti nilikisahau. Niliona mtoto anakosa mume kwa sababu ya kamba.

Bwana Ughaibuni akamwita mhudumu atoe ushahidi. Yule wa aproni! Kanitazama. Akaitazama meza. Akasema hapa kwetu, mzee, kaunta imekuwa ikila hivyo tangu Jumanne, na mpishi wetu ni mmoja wao.

Ndipo mjukuu wangu akainua kichwa. Kumbe alikuwa anacheka! Akanyoosha uma, akabeba kamba kwenye kisahani cha mama mkwe wake. Mama mkwe akatoa kijiti chake, akamchomeka mjukuu wangu kwenye nywele, akasema huyu ni wetu, hatumrudishi. Vigelegele! Mzee Kofia akatangaza hawezi kula akitazamana na skafu, aletewe mwalimu wake. Wakanibeba na kiti changu. Nikanadi kipande cha mwisho cha samaki, na aliyekinunua ni Bwana Ughaibuni, kwa skafu.

Njiani binti yangu kaniambia Baba, ungesema tu unakitaka kile kiti, tungekupa. Kasema mipango ya kujificha sasa basi, ukitaka jambo, uliza. Nikamwambia ndiyo, mama. Nimekoma.

Jumatatu, 10 Juni

Tarehe ya harusi imetajwa. Mjukuu anataka wazee wa pande zote wafungue dansi, ile ya taratibu, ya wawili wawili walioshikana. Bwana Ughaibuni kasema ataongoza yeye, alijifunza nje. Binti yangu kauliza, Baba, nawe unaijua? Nikamjibu naijua tangu kabla hajazaliwa.

Nimetoka kwa mlango wa nyuma. Kuna shule ya dansi juu ya duka la vitambaa. Nimejiandikisha kwa jina la shemeji. Mwalimu kauliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia simhitaji, nitacheza pande zote mbili.