Mbuzi Kumi na Wawili wa Familia ya Heshima

Zéphirin Ngeleka alikuwa na suti moja na sauti tatu. Suti ilikuwa ya bluu, ikimfaa kwenye ndoa, matangani na ofisini mwa watu. Sauti ya kwanza ilikuwa ya matajiri, nzito na ya taratibu. Ya pili ilikuwa ya akina mama, laini kama mawese ya moto. Ya tatu ilikuwa ya polisi, na hiyo alimwomba Mungu asiihitaji mara kwa mara. Kazi nyingine hakuwa nayo. Watu wa Kolwezi huamka kwenda kuchimba, kuosha mawe, kuuza mikate, kuendesha pikipiki. Zéphirin aliamka kwenda kusoma matangazo ukutani.

Jumatatu hiyo alisimama mtaa wa Manika, mbele ya ofisi ndogo ya klabu ya Shaba Ngufu, akasoma bango ambalo gundi yake ilikuwa imeshakauka:

SIKU YA FAMILIA YA MASHABIKI. JUMAPILI, UWANJANI. BABA, MAMA NA BATOTO, BOTE MUKUYE! MBIO ZA MAGUNIA, PICHA NA KAPITENI, CHAKULA CHA PAMOJA.

Alilisoma mara mbili. Bango lilieleza kila kitu isipokuwa jambo moja: nani atakileta hicho chakula. Mtu mwingine angepita. Zéphirin alisikia moyoni kile anachosikia mchimbaji anapoona kijani cha shaba kwenye jiwe.

Alikwenda nyumbani akaandika barua. Ilikuwa barua nzuri, na kwa kuwa tumeahidi kusema kweli, tukiri kwamba hata klabu yenyewe haikuwahi kuandika nzuri kama ile. Ilisema kwamba mwaka huu Shaba Ngufu itachagua Famille d'Honneur, yaani Familia ya Heshima, moja tu. Familia hiyo itakaa meza moja na kapiteni, itapiga mpira wa kwanza, na picha yake itawekwa kwenye bango kubwa la rond-point, penye mzunguko wa barabara, kwa mwaka mzima. Itachaguliwa ile itakayotoa zaidi kwa ajili ya chakula cha pamoja. Vitu vyote vipokelewe na Tata Zéphirin, mtu wa protokoli.

Ilibaki muhuri. Muhuri ulikaa kwenye droo ya Mama Honorine, sekretari wa mashabiki wa Manika, mama wa miaka hamsini mwenye miwani iliyoshikwa na uzi upande mmoja. Zéphirin alimwendea na sauti ya pili.

"Mama sekretere, jambo sana. Mi niko mutu ya protokole. Prezida ya klabu mwenyewe njo alinituma."

"Prezida? Si alisafiri?"

"Alisafiri, mama. Njo maana alinituma kwa telefone."

Honorine alivaa miwani akasoma barua polepole, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Alipofika mwisho, alirudi mwanzo. Zéphirin alianza kuhesabu hatua za kufika mlangoni.

"Na hii bitu ya chakula itaikala wapi mpaka Jumapili?"

"Mu depo moja, nyuma ya soko. Nilishakodisha kwa franka yangu."

"Uko na roho muzuri, tata." Alipuliza muhuri, akaugonga kwenye barua, kisha kwenye kadi mbili tupu ambazo Zéphirin alizisukuma mbele yake kana kwamba zimejileta zenyewe. "Nenda kwanza kwa Tata Kabamba kule Kasulo. Mi nilimuomba mara tatu, kila siku ananiambia maisha ni nguvu."

Zéphirin alitoka akitabasamu. Kumwibia mtu ni kazi, lakini kumwibia mtu anayekuonyesha njia, hiyo aliihesabu kama baraka.

Kabamba alikuwa mnunuzi wa madini. Mizani yake ilijulikana Kasulo nzima: wachimbaji walidai kwamba mfuko ukipanda juu yake unakonda ghafla, kama mtu aliyeugua. Alikuwa na nyumba ya ghorofa na geti lenye simba wawili wa saruji. Alichokosa ni kupendwa. Alisoma barua amesimama, akaisoma tena amekaa.

"Famille moja tu?"

"Moja, patron."

"Na nani mwingine anaitafuta?"

Zéphirin akashusha macho na sauti, vyote kwa pamoja. "Patron, ile ni siri ya komite. Mi siwezi kutaja mutu. Kama ni mama mumoja mwenye anauzaka bunga jumla jumla mu soko, mi sikusema kitu."

"Henriette!"

"Mi sikusema kitu."

"Alitoa nini?"

"Mifuko kumi ya bunga. Lakini patron, pale mutu anakula bukari tupu, ugali bila mboga, atakumbuka nani alileta bunga? Nyama njo inakumbukwaka."

"Andika mbuzi sita," akasema Kabamba.

Mama Henriette alikuwa bado hajamwona Zéphirin wala kuisikia hiyo barua. Alimwona saa moja baadaye, sokoni, ameketi juu ya mifuko yake ya unga. Alikuwa na mume mpole, kaka watatu wasio wapole, na kinyongo na Kabamba cha tangu enzi za kiwanja kilichogombewa.

"Kabamba alitoa mbuzi sita?" aliuliza. "Ule mwenye hanipe hata bonjour? Anataka sura yake iikale mu rond-point, batoto baogope?"

"Mama, mi nilihurumia. Nilisema, mama mwenye analisha muji muzima, juu ya nini asionekane?"

"Andika mifuko makumi mbili. Na bidon tano za mafuta."

Hapa inafaa tusimame kidogo, tumpe fundi heshima yake akiwa kazini. Kwa siku tatu Zéphirin alipanda pikipiki za abiria kati ya Kasulo na soko, akipeleka habari kama tarishi mwaminifu. Akimwambia Kabamba habari za mafuta, mbuzi walifika tisa. Akimwambia Henriette habari za mbuzi tisa, yaliongezeka magunia mawili ya mchele. Mchele ulileta mbuzi wengine watatu. Alhamisi jioni alimpa Kabamba kadi ya Familia ya Heshima yenye muhuri, akamwomba atunze siri mpaka Jumapili. Ijumaa asubuhi alimpa Henriette kadi nyingine, akamwomba atunze siri ileile.

Depo lilijaa. Mbuzi kumi na wawili si mali tulivu. Walilia, walikula majani ya franka nyingi kila siku, na mmoja wao alitafuna ukosi wa suti ya bluu. Zéphirin aliuza televisheni yake ili alipe kodi ya depo na majani. Hakujali. Jumapili asubuhi, Manika yote ikiwa kanisani, angepakia vitu vyake kwenda mji wa Tenke, ambako mtu wa hoteli alishakubali kununua kila kitu bila maswali.

Lori alilipata kwenye maegesho siku ya Jumamosi. Dereva, Mukuna, mzee mwenye kofia ya sufu na Fuso iliyochoka, alimwendea mwenyewe akitaja bei ya chini mpaka ikaleta aibu.

"Lakini unalipa yote mbele," Mukuna alisema. "Mi nilishaumizwa na bantu. Dunia ina bajanja wengi."

"Unaniambia mi?" Zéphirin alijibu kwa huzuni ya kweli, akatoa franka zake za mwisho.

Jumapili walipakia mapema. Mbuzi nyuma, mifuko katikati, bidoni pembeni, Zéphirin mbele kando ya dereva, dirisha limeshushwa. Kengele za kanisa zililia, kwaya zilikuwa zinaimba mtaa kwa mtaa, vumbi jekundu lilikuwa bado limelala. Alianza kupiga hesabu ya viatu vipya.

"Vié, muzee wangu, mbona tunapinda huku?"

"Njia ya Tenke ilijaa. Makamiyo, malori ya migodi, ilifunga tangu saa kumi na moja. Tunapita huku, tunatokea mbele."

Wakapinda tena. Ukuta mrefu ukaanza kuwafuata upande wa kulia, na Zéphirin akautambua kabla hajataka kuutambua. Ulikuwa ukuta wa uwanja wa mpira. Geti lilifunguka kabla Mukuna hajapiga honi, na hilo ndilo lililomshtua zaidi.

Ndani, masufuria makubwa yalikuwa yamepangwa juu ya makaa, maji yanachemka tayari. Wanawake kama arobaini, wamevaa vitambaa vya njano na kijani vya Shaba Ngufu, visu mkononi, walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakanyamaza. Mbele yao alisimama Mama Honorine na megafoni.

"Bamama! Batata! Nilibaambia atakuya! Huyu njo Tata Zéphirin!"

Alishushwa garini na mikono zaidi ya kumi. Walimbeba. Mtu alimvisha skafu. Alipofanikiwa kugusa ardhi, alimsogelea Honorine na kutumia sauti ya pili, lakini ilitoka kama ya tatu.

"Mama, kuko erreur, kuko makosa. Hii bitu haikuwa ya leo."

"Erreur gani?" Honorine alishusha megafoni na kutoa barua mfukoni. "Nilibakisha kopi. Iko imeandikwa, bitu yote ni ya chakula cha pamoja. Wewe njo uliandika. Mi niligonga muhuri tu."

Zéphirin alitazama barua yake nzuri. Haikuwa na kosa hata moja.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliingia. Lile bango ni mi nililiandika. Familia mia tatu bilishajiandikisha, na prezida mwenye aliahidi chakula alipanda ndege, akafunga telefone. Nililia siku mbili, tata. Nitaambia batoto nini? Siku ya tatu ukaingia weye na suti, unasema prezida njo alikutuma." Alicheka kwa mara ya kwanza. "Mi naomba batajiri mwaka wa sita huu, hakuna anatoa hata chumvi. Weye ulibaomba siku tatu."

"Na yule muzee wa Fuso?"

"Mukuna? Ni bwana yangu."

Kufikia saa tano uwanja ulikuwa umejaa. Akina baba walikimbia ndani ya magunia na kuanguka mbele ya wake zao. Watoto waling'ang'ania mikono ya kapiteni. Ndipo geti likafunguka kwa Kabamba, mkewe na watoto saba, wote wameshonewa kitambaa kimoja, kadi yake imeinuliwa juu. Katika geti la pili akaingia Henriette, mume, watoto na kaka watatu, wote wameshonewa kitambaa kimoja, kadi yake imeinuliwa juu. Walikutana mezani pa kapiteni.

"Toka pa kiti yangu," alisema Henriette.

"Soma hii," alisema Kabamba.

"Soma hii!"

Uwanja mzima uligeuka kuwatazama. Zéphirin alitafuta pa kupita, lakini mashangazi wawili walikuwa wamemkaba kwa upendo, wakimlisha maandazi. Megafoni ikakohoa.

"Bandugu," ilisema sauti ya Honorine, "kila mwaka familia ya heshima inakuwaka moja. Lakini Tata Kabamba alileta nyama, Mama Henriette alileta bunga. Nani anakulaka nyama bila bukari? Tata Zéphirin njo alifikiri ile. Familia mbili! Mubapigie mikono!"

Mikono ilipigwa. Ilipigwa na wachimbaji, na wake zao, na watu wa redio ya mtaa waliokuja na kinasa sauti. Kabamba alifungua mdomo adai mbuzi wake, akawaona kwenye masufuria, akawaona watoto mia kadhaa wameshika sahani, akaufunga. Henriette alikaa. Kabamba alikaa. Kapiteni, kijana mwenye adabu, aliwekwa katikati kama kizuizi.

Mpira wa kwanza ulipigwa na wote wawili. Kabamba aliukosa. Henriette aliupata sawasawa, ila kiatu chake kilikwenda mbali kuliko mpira, na watu wakashangilia kiatu.

Kijana mmoja mchimbaji, Gael, alikula amesimama, na mafuta yakimtiririka kidevuni. "Mwaka muzima anatupunguziaka mu mizani," alimwambia mwenzake. "Leo nakula kilo zangu." Wenzake walicheka, na mmoja akamwendea Kabamba kumpa mkono. Kabamba aliupokea, akabaki akiutazama mkono wake kwa mshangao. Hakuna mchimbaji aliyewahi kumpa mkono kwa hiari.

Lakini tajiri hasahau mbuzi. Wakati wa picha, alimkumbatia Zéphirin begani, akitabasamu kwa kamera.

"Barua yako ilisema familia moja," alimnong'oneza. "Nikimaliza kula, mi na weye tutaongea."

Upande wa pili, kaka watatu wa Henriette walikuwa wameshamaliza kula.

Zéphirin alimkimbilia Mukuna, aliyejinyoosha kivulini mwa Fuso.

"Vié, nifikishe Tenke. Nilikulipa yote!"

"Ulilipa ya bitu, tata. Bitu ilifika muzuri. Ya mutu ni ingine."

Zéphirin aligeuza mifuko ya suti nje. Alikuwa amelipia depo, majani na lori, mpaka televisheni ikaenda. Alipojumlisha, aligundua kwamba, ukiacha mbuzi na unga, hakuna mtu Kolwezi nzima aliyewafadhili mashabiki wa Shaba Ngufu kumshinda yeye.

Honorine alikuja na kifurushi cha moto kilichofungwa kwa majani. Alimwita mwenye pikipiki, akamlipa mwenyewe hadi kituo cha mabasi, na nauli ya basi juu yake.

"Pita kwa geti ya nyuma," alisema. "Mwaka kesho tutakuwa familia mia tano. Kuya mapema kidogo, nitakupa muhuri."

Zéphirin alipanda, kifurushi mkononi. Pikipiki iliondoka, vigelegele vikipungua nyuma yake. Walipopita rond-point njaa ilimshinda, akafungua majani: bukari, na ubavu mzima wa mbuzi. Aliuma.

Nyama ilikuwa imeiva, laini, chumvi yake sawasawa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.