Kikadi cha Wendell na Kengele ya Mtaa wa Lagrange

Sogeeni, enyi wapenzi wa kandanda, nanyi msiojua kandanda ni mdudu gani. Vuteni viti, wapisheni na wa nyuma wapate kuona, na mwenye simu aifunike kifudifudi mezani, maana yanayokuja hayasikilizwi kwa sikio moja. Hizi ndizo habari za Wendell Kosnik wa Toledo, fundi wa matanuri ya kupashia nyumba joto, Bwana wa Mabomba, Mlinzi wa Tetesi, Mkosaji wa Mara Kumi na Nne Asiyekata Tamaa. Na jinsi alivyopigana vita vya alasiri moja ya Jumapili, mwezi wa Julai, akiwa na silaha moja tu mkononi, nayo ni kile kikadi cha mviringo kinachowekwa chini ya glasi ya bia.

Ijulikane kwanza kwamba ligi ya Marekani ina sheria isiyo na ndugu popote, iitwayo Haki ya Ugunduzi. Timu hujiandikia majina ya wachezaji ambao pengine haijapata hata kuwasalimu, na kwa kuandika tu huhesabiwa kuwa imewagundua, mithili ya baharia achomekaye bendera katika kisiwa chenye wenyewe. Na timu nyingine ikimtaka mmoja wao, sharti ipitie kwa mgunduzi. Mashabiki wa Wapuliza-Kioo wa Toledo, watu wasiokubali kupitwa na upuuzi wowote wa wakubwa, waliitwaa sheria hiyo nzima nzima wakaihamishia katika baa ya Lorraine Tuttle, Mtaa wa Lagrange. Hapo kila mwaka shabiki huandika jina la mchezaji mmoja juu ya kikadi, Lorraine hutia tarehe na sahihi, na kikadi hupigiliwa msumari kwenye nguzo. Timu ikimsajili mchezaji huyo, mgunduzi huipiga kengele ya shaba iliyo juu ya kaunta, mara moja tu, baa nzima ikiwa imesimama. Zawadi nyingine hakuna, wala hakuna aliyepata kutaka nyingine.

Nadine Joubran, mwalimu wa udereva mwenye sauti ya kuzuia magari, alikuwa ameipiga kengele hiyo mara tisa, kwa sababu binamu yake alifanya kazi katika kliniki ambako wachezaji wapya hupimwa afya. Wendell hakuwa ameipiga hata mara moja. Vikadi vyake kumi na vinne vilikwisha kung'olewa kimoja kimoja na kurudishwa chini ya glasi yake mwenyewe, vilowane hapo mbele ya macho ya watu, kama desturi iamuruvyo. Na mwaka huo Lorraine alikuwa ametangaza kwamba nguzo imejaa: atakayekosa mara ya kumi na tano, msumari wake atapewa mwingine.

Msumari wa Wendell ulikuwa wa tatu kutoka juu, upande wa dirishani. Aliupigilia mwenyewe mwaka timu ilipoanzishwa. Juu yake, tangu Januari, kilining'inia kikadi cha kumi na tano, kimeandikwa kwa kalamu ya kuwekea alama mabomba: MARTÍN ETCHEBARNE, STRAIKA, URUGUAY.

Basi Jumapili hiyo Wapuliza-Kioo walikuwa ugenini Omaha, wakionyeshwa moja kwa moja katika runinga pana iliyo nyuma ya kaunta, na watu arobaini walikuwa wameketi kuitazama mechi, kila mmoja akiutazama uso wa simu yake. Omaha wakafunga dakika ya tisa. Mtu mmoja akasema, "Afadhali, labda sasa watasajili." Omaha wakafunga tena. Ndipo dakika ya thelathini na moja simu arobaini zikatetemeka kwa pamoja, glasi zikalia mezani kana kwamba farasi wa adui wanavuka mto Maumee.

"Etchebarne," akasoma Mzee Augie Banaszak, ambaye hajavua skafu ya timu tangu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, hata wakati wa joto. "Straika wa Uruguay. Waandishi wanasema amemwaga wino jana."

Wendell akainuka. Enyi mlioona milima ikiinuka, hamjaona kitu. Aliinuka na soseji yake yenye pilipili na nyama ya kusaga bado mkononi, mchuzi ukimtiririka hadi kwenye kiwiko, na miaka yote kumi na minne ikainuka pamoja naye.

"Lorraine," alisema. "Kamba ya kengele iko wapi?"

"Ilipo siku zote."

"Ngoja kwanza, mpenzi," alisema Nadine kwa utamu wa kutisha. Alikuwa amekwisha kufika kwenye nguzo na kikadi kimo kati ya vidole vyake. "Hebu nisomeeni hapo kwenye simu, jina lake la kwanza nani?"

Mzee Augie akavaa miwani. "Matías."

"Na hapa?"

Nadine akasoma mwenyewe, silabi kwa silabi, kama anayemsomea mwanafunzi kosa lake barabarani. "Mar-tín. Martín ni kaka yake, Wendell. Nimemtafuta sasa hivi. Ana kliniki Montevideo. Hongera, umegundua daktari wa meno."

Baa ikacheka, na kicheko hicho kikampiga Wendell kifuani kama mlango wa tanuri. Maana alikumbuka: chini ya nyumba ya mteja, Januari, taya zikigongana kwa baridi, alitazama video ya sekunde tisa, akamwona kijana akipiga mpira kwa kisigino, akalishika jina la ukoo tu, na hilo la kwanza akalitafuta baadaye kwa vidole vilivyokufa ganzi.

"Ukoo ni ule ule," alisema.

"Basi na mimi nimeshawagundua akina Miller wote wa Ohio."

Hapo Wendell Kosnik akaweka soseji chini, akafuta mikono kwenye suruali, akahutubu. "Jamani. Nani hapa alikuwa amesikia neno Etchebarne kabla ya leo? Augie, wewe ulidhani ni jina la jibini."

"Nilidhani ni dawa," alisema Mzee Augie.

"Dawa. Mimi nililitundika pale theluji ikiwa magotini. Nadine anapewa majina na binamu yake, wachezaji wakiwa wameshavuliwa mashati, anapimisha mtu mapigo ya moyo halafu anasema kamgundua. Mimi sina binamu. Mimi nina macho na simu iliyopasuka. Nikikosa, nakosa kwa jasho langu mwenyewe."

Watu wakazitazama glasi zao, kwa kuwa ilikuwa kweli, na kweli huwa haina raha baani. Nadine akakunja mikono. "Hotuba nzuri. Andika kwenye kikadi."

Lorraine Tuttle, Mwamuzi wa Kaunta, ambaye hajapata kushabikia timu yoyote na kwa hiyo ndiye aliyeaminiwa, akagonga meza kwa kifungulia chupa. "Sheria ni moja. Herufi kwa herufi na tangazo rasmi la klabu. Si la mwandishi, si la binamu. Na tangazo liwe bado lipo hewani kengele inapolia. Mnakumbuka yule Mdenmaki."

Wakamkumbuka yule Mdenmaki, aliyetangazwa, akapigiwa kengele, kisha akafeli vipimo na kufutwa, na kengele haikuweza kurudishwa nyuma. Basi wakangoja. Omaha wakafunga la tatu, nalo likapita kama mtu asiyejulikana mtaani.

Dakika ya hamsini na nane simu zikatetemeka tena. Picha ya kijana mwenye skafu mpya, akitabasamu kama aliyeuziwa nyumba. Na juu yake, kwa herufi za dhahabu, maneno ya klabu yenyewe, yaliyoandikwa na mfanyakazi ambaye naye, bila shaka, alilitafuta jina haraka haraka:

KARIBU TOLEDO, MARTÍN ETCHEBARNE.

Lorraine akakichukua kikadi, akakiweka kando ya simu, akapitisha ukucha chini ya kila herufi, hata ile alama ndogo iliyo juu ya i, ambayo Wendell aliiweka Januari kwa bahati tu, kalamu ilipomteleza.

"Herufi kwa herufi," alisema.

"Wamekosea," alisema Nadine. "Watalifuta sasa hivi."

"Lakini bado lipo."

Hatua tano zilikuwa kati ya Wendell na kamba. Alizivuka kama jeshi livukalo kinamasi: akamruka Mzee Augie na mkongojo wake, akateleza kwenye bia iliyomwagika, akagonga bega kwenye mashine ya karanga, akaishika kamba kwa mikono miwili. Watu wakasimama, kiti baada ya kiti, wengine kwa heshima, wengine kwa udaku.

Nadine Joubran akaketi.

"Baa nzima iwe imesimama," alisema. "Si ndiyo sheria? Mimi miguu inauma."

"Nadine, simama, tafadhali."

"Ningependa, kaka. Magoti."

Mzee Augie alikuwa akilichungulia tangazo kama mtu anayelinda mshumaa kwenye upepo. "Bado lipo. Bado lipo. Kuna elfu mbili huku chini wanawaambia wamekosea." Wendell aliishikilia kamba. Alimtazama Nadine, naye Nadine akamtazama, mwanamke mwenye kengele tisa na miguu mizima kabisa, na mlango wa historia ulikuwa ukifungwa kwa ajili ya makalio ya mtu mmoja.

Ndipo nyuma ya migongo yao, katika runinga isiyokuwa na mtazamaji, mtangazaji akapaza sauti ikapasuka. Wapuliza-Kioo wamefunga. Goli la kwanza baada ya mechi tano. Na Nadine, aliyekuwa shabiki kabla hajawa mshindani, akaruka juu mikono miwili hewani, kabla akili haijapata kumzuia.

Wendell akavuta.

Ikalia mara moja, shaba tupu, ikapita kaunta, ikapita meza, ikatoka hadi barabarani ambako mbwa mmoja akajibu. Nadine alibaki amesimama na mikono juu, akijua. Kisha akaishusha taratibu, akachukua nyundo kutoka kwa Lorraine, akakipigilia kikadi mwenyewe, msumari wa tatu kutoka juu. "Daktari wa meno," alimwambia Wendell, akampa mkono. Mzee Augie akasoma kwenye simu: tangazo limefutwa.

Yameandikwa basi, na yasifutwe: kwamba Wendell Kosnik, Mgunduzi, alikosea sawasawa na klabu yake, herufi kwa herufi, akashinda. Matías mwenyewe alicheza dakika kumi na moja msimu ule, akapelekwa kwa mkopo Boise. Martín, kule Montevideo, alipokea salamu elfu nne za kumkaribisha Toledo, akajibu kwa adabu kwamba Jumatatu ana wagonjwa. Kila Julai baa ya Lorraine husimama kwa heshima ya alasiri ile, na msumari ule hakuna anayethubutu kuugusa.

Mechi iliisha tatu kwa moja. Hilo moja alilifunga nani, mpaka leo Mtaa wa Lagrange mzima hakuna anayejua.