Mwenye Nyumba wa Kukodi

Balagizi hakuwa mwizi. Mwizi huamka mapema, naye Balagizi alipenda usingizi. Yeye alikuwa msomaji wa matangazo. Wenzake wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wakifika Lilongwe walikimbilia sokoni. Yeye alisimama mbele ya mbao za matangazo za ofisi, mikono nyuma kama waziri, akiamini kwamba hakuna karatasi ya serikali isiyo na mlango wa uani.

Oktoba ile ya mwaka 1996, nje ya ofisi moja ya City Centre, mlango wenyewe ulikuwa wazi kabisa. Tangazo lilisema hivi: mwenye nyumba aliyetimiza miaka sitini, au mlemavu, au askari wa zamani, akiwa anaishi ndani ya nyumba yake, atasamehewa kodi ya jengo ya mwaka. Mkaguzi atamtembelea amwone kwa macho.

Kando ya Balagizi kulikuwa na bwana mmoja mnene, ankara mkononi, akihema kama birika. Huyo ni Mkwezalamba, mwenye nyumba ya matofali na madirisha ya vioo kule mtaa wa Kauma. Kiswahili alikiokota Mbeya alikokuwa akinunua vitunguu.

"Kwacha mia sita!" alilalamika. "Na mimi nina miaka arobaini na nne tu."

"Ulemavu wowote, bosi?" Balagizi aliuliza kwa huruma ya daktari.

"Mgongo unauma nikikaa."

"Huo si ulemavu, ni kiti kibaya. Jeshi?"

"Niliwahi kukimbizwa na mwanajeshi."

Balagizi akatikisa kichwa. "Bosi, ugonjwa nimeuona. Hiyo nyumba iko kwa jina la mtu mwenye afya. Tuiandike kwa jina la mzee. Mkaguzi akishapita na msamaha ukishatoka, mzee anasaini kuirudisha. Mzee ninaye. Ana yote matatu."

"Yote matatu? Kwa mtu mmoja?"

"Mungu akitoa, bosi, hatoi kwa kijiko."

Bei ikawa kwacha mia tatu, taslimu, na Balagizi akazitia kwenye soksi.

Hapa lazima tueleze jambo kwa heshima zote. Kule Dzaleka, posho hutolewa kwa idadi ya vichwa, na siku ya kuhesabiwa, mtu wa daftari akitokea tu, kila nyumba hufura. Watoto huazimwa, mashangazi huzuka, na bibi mmoja huweza kuwa na wajukuu katika mistari minne ya vibanda. Balagizi alikuwa ameiva katika elimu hiyo. Akiliona daftari limefunguliwa, mguu wake ulikwenda wenyewe.

Mzee Djafari, mfanyabiashara wa Kindu, aliishi mwisho wa mstari wa tatu, chini ya plastiki iliyotoboka. Alikuwa na miaka sabini na mitano. Enzi za Wabelgiji alipelekwa vitani Abisinia akarudi na miguu yote miwili. Mmoja akauacha baadaye chini ya lori la mafuta ya mawese.

"Baba Djafari, nakuletea kazi ya kukaa tu," alisema Balagizi.

"Kukaa nafanyaka hapa bure."

"Utakaa kwa nyumba ya vioo, kwa kitanda, unakula kuku. Mtu wa ofisi akifika, unaitika we njo mwenye nyumba. Mi natafsiri. Kazi ikiisha nakupa mabati kumi na mbili."

Mzee aliinua macho kwenye plastiki. Mvua za Novemba zilikuwa njiani, na mwaka uliopita alizipokea kifuani, amelala.

"Mabati kumi na mbili," alirudia polepole. "Wallahi?"

"Wallahi," akaapa Balagizi, ambaye kwanza alikuwa Mpentekoste, na pili alishakata shauri kumlipa kilo mbili za sukari.

Kuna kitu Balagizi hakukijua kuhusu wafanyabiashara wa Kindu. Wanasikia bei ya uongo kwa namna inavyotamkwa haraka.

Basi jina likabadilishwa ofisini, mzee akahamia Kauma. Mkwezalamba aliapa hatoki nyumbani kwake hata kwa dakika moja, kwa hiyo Balagizi akamvalisha ovaroli na kumpa mpira wa maji. Siku tisa mkaguzi hakutokea. Siku tisa mzee akala mapaja ya kuku, na Mkwezalamba akamwagilia mpaka mchicha ukaomba msamaha.

"Bosi," mzee alimwita kupitia dirisha siku ya saba, "hapa kwa pembe umesahau."

"Mimi ndiye mwenye nyumba!" Mkwezalamba alinong'ona kwa hasira.

"Sema hivyo kwa sauti, basi."

Mkwezalamba akamwagilia pembe.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, mkaguzi aliingia: dada mwenye miwani, kalamu tatu mfukoni, na daftari kubwa jekundu. Akaketi sebuleni. Balagizi akatafsiri, akiongeza chumvi palipohitajika. Umri? Umeonekana. Mguu? Umehesabiwa. Jeshi? Mzee alipiga saluti ya Kibelgiji iliyofanya kikombe kitikisike.

Dada aliandika, akaridhika. Muhuri ulikuwa tayari hewani. Mzee Djafari ndipo alipokohoa.

"Balagizi, umuulize. Hiyo daftari inaandika mwenye nyumba peke yake, ao na bantu yake?"

Balagizi akatafsiri. Dada akajibu kwamba kila anayeishi hapa huandikwa, akafungua ukurasa mpya, mweupe, wenye mistari mitupu.

Mistari mitupu! Mguu wa Balagizi ukaanza kwenda wenyewe. Mzee akaugua kwa huzuni kubwa. "Siko na mutu. Bakaniandika peke yangu. Hasara."

"Mtoto wake ni mimi!" Balagizi alisema kwa Kichewa safi, kabla akili haijavaa viatu. "Wa kwanza! Balagizi, miaka ishirini na saba. Andika!"

"Unaishi naye?"

"Tangu kuzaliwa!"

"Na una afya?"

"Kama ng'ombe!" Akajipiga kifua kuthibitisha.

Dada akaandika yote kwa utaratibu. "Na yule wa nje?"

"Mfanyakazi wetu," alisema Balagizi, bado akielea.

Muhuri ukashuka mahali pengine kabisa. Dada akaeleza kwa upole kwamba mzee mwenye mtoto mkubwa, mzima, wa nyumba hiyo hiyo, hasamehewi; mtoto ndiye anayelipa. Kwacha mia sita, siku thelathini. Akampa Balagizi karatasi yenye jina lake, akaaga, akaenda.

Kisha mpira wa maji ukaanguka nje, na Mkwezalamba akaingia na ovaroli lake.

"Baba!" Balagizi alilia. "Umeniuza!"

"Mi nimeuliza tu. Kule kwetu mutu wa daftari akifika, tulikuwa tunaruka dirisha, juu alikuwa anakuya kutoza kodi. Ninyi batoto ya kambi munajua daftari ya kugawa peke yake."

"Nyumba yangu!" Mkwezalamba alimkamata Balagizi ukosi. "Haiwezi kurudi kwa jina langu mpaka kodi ilipwe!"

"Mwenye kulipa wameandika jina," alisema mzee. "Nami kusaini nitasaini, nyumba ya mutu siitaki. Lakini mkono unauma, bosi, juu ya kulala kwa mvua. Kule nyuma ya choo niliona mabati. Nilihesabu kumi na nne."

"Chukua kumi na mbili!" alibweka Mkwezalamba.

"Kumi na mbili njo nilipatana."

Soksi ikavuliwa: mia tatu. Redio ya Balagizi, saa yake na koti la kitambaa cha Dubai vikatoa mia tatu nyingine. Kesho yake kodi ililipwa, mzee akasaini kwa mkono uliopona ghafla, na mabati yakapanda lori la Dzaleka pamoja na mzee na Balagizi.

Jumapili, mstari wa tatu wote ulitoka kutazama. Juu ya paa alikuwa Balagizi, misumari mdomoni. Chini, kitini, Mzee Djafari akielekeza kwa mkongojo.

"Bati ya mwisho imepinda."

"Haikupinda, Baba Djafari!"

"Baba Djafari njo nani? Serikali imesema mi niko baba yako. Niite vizuri."

Majirani wakasogea kusikiliza. Tone la kwanza la mvua likampiga Balagizi shingoni. Akatazama chini kutafuta ngazi. Mzee alikuwa ameilaza ndani, mahali pakavu.

"Papa," akasema Balagizi.

"Kwa sauti, mwanangu. Hiyo bati inapiga kelele."